Mguu wa Shaswar

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu ambao kwao hakukupitiwa na mpaka. Rebin aliijua methali hiyo miguu juu, kichwa chini: mcheza kwao hufungiwa mlango.

Alikuwa ameketi katika chumba cha kubadilishia nguo, uwanjani Hewler, mji mkuu wa Wakurdi wa Iraq. Nje joto la Juni lilikuwa likikaanga lami; ndani vidole vyake vilikuwa baridi hata mkanda wa barakoa ukawa unamponyoka. Ilikuwa barakoa nyeusi ya plastiki, ile wanayovaa wachezaji waliovunjika pua. Pua ya Rebin haikuvunjika. Ilikuwa nzima na ndefu, pua ya ukoo, na hiyo ndiyo sababu ya kuifunika. Nywele alikuwa amezinyoa. Masharubu aliyaacha kwenye beseni la kinyozi wa Penjwen, mji wa mpakani upande wa Iraq. Mgongoni mwa jezi yake paliandikwa Aso, jina ambalo akiitwa alichelewa kugeuka.

"Kaza, kaza, mwizi wa kuku," alisema Hawraz, kipa na nahodha, mtu wa Hewler hapo hapo, mwenye kifua kama mlango wa ghala na mdomo usio na kufuli. "Ikidondoka mbele ya kamera, kuku wote wa mashariki watakutambua."

"Kaka Hawraz, hilo si la kuchekea."

"Ndiyo maana nacheka. La kuchekea ningelinyamazia."

Hapakuwa na mtu chumbani asiyejua habari zake. Rebin alitoka Kanisard, kijiji cha ng'ambo ya mlima, upande wa Iran, ambako wanaume huvusha mizigo kwa mgongo: matairi, televisheni, katoni za sigara. Mapafu hayo ya mlimani ndiyo yaliyomvutia Mwalimu Sarkawt, kocha wa timu, siku alipomkuta Penjwen akicheza na wabeba mizigo wenzake kwenye kiwanja cha changarawe, wakisubiri ukungu ushuke ili waondoke.

"Wewe kijana," alimwambia, "unakimbia kama mtu anayepigiwa risasi."

"Nimezoea," Rebin alijibu, wala hakuwa akitania.

Timu aliyoitiwa, ya Wakurdi, haikuwa na kiti kwa wakubwa wa mpira. Kombe la Dunia ililitazama kwenye televisheni kama watu wengine. Lakini kulikuwa na kombe jingine, kombe la waliokosa kiti, watu wenye wimbo na jezi ila dunia haijawapa anuani, na mwaka ule liliandaliwa Hewler. Kwa Wakurdi wa pande zote nne za mipaka, kuvaa jezi ile yenye jua kifuani, hata mara moja tu, lilikuwa jambo la kusimuliwa mpaka wajukuu wachoke.

Tatizo lilikuwa kurudi. Kabla Rebin hajavuka, bwana mmoja wa usalama aliwaita vijana wa Kanisard na wa vijiji jirani, akawaandalia chai, akawaambia kwa upole: anayetaka kwenda kuchezea timu ile, njia ni yake. Asirudi tu. Na maswali yake yatajibiwa na wale aliowaacha nyumbani. Sauti hakuipandisha hata kidogo.

Nyumbani Rebin aliacha watu wawili. Baba yake, Mzee Shaswar, aliambiwa kijana amekwenda kubeba mizigo ya upande wa Penjwen. Mkewe Shno, ambaye mimba ilikwisha kumpunguza mwendo, aliambiwa ukweli, kwa sababu Shno hadanganyiki.

"Nenda," alimwambia huku akikanda unga. "Usipokwenda utakaa hapa unapumua kama ng'ombe mpaka nizae. Lakini unisikilize. Ukifunga goli, simama kama mti. Usivue kitu, usiinue uso, usibusu jezi. Mimi nitakujua hata kwa kisogo. Wengine wasikujue."

"Kama mti," aliahidi.

Hilo tu ndilo alilolitaka Rebin duniani: acheze, kisha arudi kwa mlango ule ule aliotokea, mtoto azaliwe yeye yupo.

Siku hiyo ilikuwa nusu fainali, dhidi ya Wasapmi, watu wa theluji na kulungu wa kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambao jua la Hewler lilikuwa limewageuza rangi ya nyanya. Walipojimwagia ndoo za barafu kichwani, jukwaa zima lililokuwa likitafuna mbegu za alizeti liliwahurumia kwa kelele: "Wapeni chai ya moto! Itawatoa joto!"

Wimbo wa taifa ulipopigwa, Rebin aliinamisha kichwa. Kamera ilipita mbele ya mstari ikimmulika mchezaji mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Ilipomfikia ikatulia. Alikiona kioo chake kikizunguka, kikitafuta. Jasho likamtiririka ndani ya barakoa, likaingia mdomoni na maneno ya wimbo. Kisha kamera ikahamia kwa Hawraz, na Hawraz akaikonyeza.

Alicheza vibaya. Mpira ukitoka karibu na kamera alimwachia mwenzake aurushe. Kona zikipigwa alisimama nyuma ya beki mrefu kuliko wote. Mwalimu Sarkawt alipasua koo: "Aso! Aso! Unamkimbia nani?" na Aso hakugeuka, kwa sababu Aso hakuwa mtu. Wasapmi wakafunga. Wakurdi wakasawazisha kwa kichwa. Jua likaanza kulamba paa la jukwaa, na matokeo yalikuwa goli moja kwa goli moja.

Kisha mpira ukaja. Ulimjia ukidunda upande wa kushoto, beki wa Sapmi akiwa ameteleza, na mbele yake uwanja ukawa mtupu kama njia ya mlimani alfajiri. Rebin alisahau kamera. Alisahau bwana wa usalama na chai yake. Alikimbia kwa namna pekee aliyoijua, akamwona kipa akitoka, akaupitisha mpira chini ya mkono wake. Nyavu zikatikisika.

Uwanja ulinguruma hata ardhi ikamwasha nyayo. Na Rebin akasimama. Mikono kando, macho kwenye nyasi. Kama mti.

Wenzake walimwangukia mmoja baada ya mwingine, akalala chini ya rundo la vifua na njumu. Kiwiko cha mtu kilisukuma barakoa. Akaishika kwa mikono miwili, hewa hana, mbavu zinalia, na yeye anashika plastiki.

"Pumua, mjinga wewe!" mtu alimpigia kelele sikioni.

"Baadaye!"

Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa bado amefunikwa uso. Aligusa mkanda mmoja, akagusa wa pili. Amepona. Akataka kuketi hapo hapo na kulia kidogo. Siku moja zaidi, fainali, kisha mlima, kisha nyumbani.

Hapo ngoma na zumari zikaanza jukwaani.

Kwa Wakurdi hakuna furaha ya kusimama. Mtu akioa, akipona, akitoka jela au akifunga goli, watu hushikana kwa vidole vya mwisho, bega kwa bega, mstari ukazunguka. Anayetangulia mstari huwa na kitambaa mkononi, anakizungusha hewani, na miguu ya wote hufuata miguu yake. Wachezaji walikwisha kushikana. Hawraz alikuja akikimbia toka golini, amechomoa kitambaa chekundu sijui kutoka wapi, akakibandika kifuani mwa Rebin.

"Aliyefunga ndiye anayetangulia!"

"Hapana, Kaka. Mpe mwingine."

"Nimpe nani? Mimi nilifungwa goli, nitangulie kwa aibu?"

"Kaka Hawraz, nakuomba."

"Hee! Anakataa kitambaa!" Hawraz aliwageukia wenzake. "Jamani, mtu wa Kanisard anakataa kitambaa!"

Kukataa kitambaa ni kumtemea mtu katika sahani yake. Rebin aliitazama kamera iliyokuwa pembeni. Akajigusa usoni. Barakoa ipo, kichwa kimenyolewa, masharubu hayapo. Nani atamjua? Hata mama aliyemzaa, angekuwa hai, angempita njiani bila salamu. Akashika kitambaa.

Zumari ikampanda kichwani. Akakizungusha kitambaa, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, akainama kidogo, akainuka, akapiga ya kwanza, ya pili. Hofu ya siku zote ilimtoka miguuni. Mstari ulimfuata, jukwaa likapiga makofi, na kwa muda kidogo Rebin alikuwa mtu mwenye furaha asiye na jina.

"We!" beki aliyekuwa wa tatu alilalamika. "Mbona tunakanyagana huku nyuma?"

"Anachechemea huyu," akasema wa pili. "Umeumia mguu?"

"Sijaumia."

"Sasa mbona unauburuta wa kushoto?"

"Ndivyo inavyochezwa," Rebin alijibu, angali anacheka.

"Inachezwa hivyo wapi?"

Kitambaa kilisimama hewani.  Rebin aliutazama mguu wake wa kushoto kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata mgeni.

Kwa sababu haichezwi hivyo popote. Inachezwa hivyo Kanisard tu.

Miaka mingi nyuma, kabla Rebin hajazaliwa, Mzee Shaswar alikanyaga bomu lililosahauliwa ardhini tangu vita. Lilimwachia mguu, ila lilimharibia goti, na tangu hapo kila hatua ya pili mguu wa kushoto huja ukiburutika kama mtoto anayevutwa kwenda chuoni. Naye Shaswar ndiye aliyekuwa mtangulizi wa ngoma kijijini, kabla na baada. Anayetangulia hufuatwa. Watoto wa Kanisard walijifunza ngoma nyuma yake, wakajifunza na kuburuta. Wakioa wanaburuta, wakioza wanaburuta. Katika mabonde yote yale ng'ambo, mtu wa Kanisard akicheza harusini, watu hucheka na kusema: huo ni mguu wa Shaswar.

Rebin alikuwa amelijua hilo maisha yake yote. Uso wake aliufikiria mwezi mzima, unyoe hiki, ufunike kile. Miguu hakuikumbuka. Nani hukumbuka miguu yake?

Hotelini, jioni ile, chakula hakikupita. Wazanzibari waliokuja kwa kombe lile, meza ya pili, walikuwa wakimweleza mhudumu kwa ishara kwamba chai bila maziwa si chai, na mhudumu naye kwa ishara akiwaeleza kwamba chai yenye maziwa ni ya wagonjwa. Wote walicheka. Rebin aliitazama simu yake iliyolala kando ya sahani ya wali na maharage. Picha ya ngoma ilikuwa imeenea kila mahali, na alikuwa ameitazama mpaka macho yakamuuma. Watu walisifu goli. Wengine waliuliza huyu Aso mwenye barakoa ni nani. Hakuna aliyetaja Kanisard.

"Umeona?" Hawraz alisema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Kimya. Watu hutazama mpira, hawatazami miguu."

"Mpira unachezwa kwa kitu gani, Kaka?"

Hawraz akaisukuma kando sahani yake ya wali.

Simu ilitikisika mara moja tu. Ujumbe wa Shno ulikuwa na maneno mawili: "Miti haichezi."

Asubuhi ndipo Mjomba Karwan alipopiga. Mjomba alikuwa na duka la viatu mjini, ng'ambo, na maisha yake yote alikuwa na woga wa watu watatu: mkewe, mtoza kodi, na yeyote mwenye redio ya mawasiliano kiunoni.

"Mjomba, umetumaliza," alianza, bila salamu, akimwita mpwa wake Mjomba kama kawaida yao. "Umetumaliza, Mungu akurehemu. Umetumaliza!"

"Mjomba, polepole. Wamejuaje?"

"Wamejuaje! Chaikhana nzima, nyumba nzima ya chai, ilikuwa inatazama! Mmeshinda, watu wamefurahi, kawaida, kimya kimya, kila mtu anafurahia ndani ya koti lake. Halafu wewe ukaanza na huo mguu. Kwanza kukawa kimya. Halafu mzee mmoja, sitamtaja, ulimi wake uoze, akasimama akapiga kelele: 'Wallahi, mguu wa Shaswar!' Basi. Wakatoka wote barabarani. Wote, Mjomba! Vinyozi, madereva, hata mwokaji kaacha mkate tanuruni. Wakashikana wakacheza, na wote wanaburuta mguu wa kushoto. Barabara nzima vilema! Sasa watu wa usalama ni vipofu? Wakauliza tu, hii ngoma ya wapi?"

Rebin aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakuna aliyemsaliti. Walimpenda kwa kelele, basi.

"Baba yuko wapi?"

"Wamemwita tangu alfajiri. Kwa gari, kwa adabu, wamemshika mkono kupanda. Mimi ile adabu yao siipendi." Mjomba alishusha pumzi. "Sikiliza sasa. Kuna njia. Yule bwana amenipigia mwenyewe. Anasema wewe ni kijana tu, umedanganywa. Ujipige video, uso wazi. Useme jina lako. Useme ulidanganywa, na fainali huchezi. Useme unaomba radhi kwa kuichezea timu hiyo, na kwa ile ngoma. Ngoma imemkera kuliko goli, sijui kwa nini. Ukiituma kabla ya swala ya adhuhuri, baba yako anarudi kunywa chai yake, na wewe unarudi kwa mkeo. Hakuna atakayekugusa."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Mjomba, ni maneno mawili! Hata mtoto akimwaga maziwa anasema samahani. Mimi nasema samahani dukani siku nzima, hata kwa wenye miguu mikubwa. Itakupunguzia nini?"

Mwalimu Sarkawt aliitwa. Aliingia na bilauri yake ndogo ya chai, akasikiliza amesimama, sukari imeshikwa katikati ya meno, na chai hakuinywa mpaka sukari ikayeyuka yenyewe.

"Mimi nina timu ya kupanga kesho," alisema mwishowe. "Lakini timu ni watu kumi na mmoja, na baba ni mmoja. Sema watakayo, mwanangu. Hapa hakuna atakayekuita mwoga, na atakayekuita nitampiga kwa mkono huu. Ukienda, nenda na jezi yako chini ya shati."

Hawraz alikuwa amesimama mlangoni, kifua kile kimesinyaa. "Ni mimi niliyekupa kitambaa," alisema. "Nilikulazimisha mbele ya watu. Niache nikushikie simu. Angalau picha isitetemeke."

Wakafungua pazia, mwanga ukaingia. Rebin alivaa shati jeupe la Hawraz, likampwaya kama hema. Barakoa ilikuwa mezani, imelala chali, na kwa ndani ilikuwa na chumvi ya jasho lake. Alijaribu kuyapanga maneno. Jina, sawa. Nilidanganywa. Alilijaribu neno hilo kwa sauti ndogo, likatoka. Naomba radhi. Likatoka pia. Mjomba alisema kweli, ni hewa tu inayotoka mdomoni. Akamfikiria Shno akitembea kwa kujishika kiuno. Akamfikiria baba yake kwenye kiti cha watu wale, mguu umenyooshwa mbele kwa kuwa haukunjiki.

"Nikihesabu tatu," alisema Hawraz. "Moja. Mbili."

Simu ya Rebin ikalia. Namba ilikuwa ya nyumbani.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Mzee Shaswar, kavu, isiyo na haraka. "Kumbe Penjwen kuna viwanja vikubwa hivyo."

Rebin aliinuka. Akasema, "Baba, wamekuachia?"

"Wamenirudisha nipumzike. Wataniita tena mchana, inategemea. Chai yao si mbaya, sukari ndiyo wanabania."

"Wamekufanya nini?"

"Wameniuliza. Wakanionyesha picha, wewe na kitambaa. Wakaniuliza, Shaswar, huu mguu waujua? Nikasema ni wangu. Ningeukana vipi, nao uko pale mbele yao, umezuia mlango?"

Hawraz, aliyekuwa akisikia, aliguna kicheko akakimeza.

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe ndiyo. Uliuburuta kama gunia la viazi. Mimi siburuti hivyo. Mimi nauvuta, halafu naulaza. Unauvuta, unaulaza. Nani alikufundisha ile takataka?"

"Wewe."

"Basi sikukufundisha vizuri."

 Kwa mbali Rebin alisikia kisu kikigonga ubao.

"Karwan kaniambia wanachotaka," mzee aliendelea. "Sikuambii useme. Sikuambii usiseme. Mtu wa miaka yangu akikuamulia, atakufa akuachie uamuzi wake kama deni. Nitakuambia kitu kimoja tu, ambacho hukijui kwa sababu hukuwapo. Nilipotoka hospitali nilijifungia nyumbani. Nilikuwa nikisikia ngoma nafunga dirisha. Halafu binamu yangu akaoa, wakanifuata wakanibeba mpaka uwanjani, wakanipa kitambaa. Nikakataa. Wakanishikisha. Nikapiga hatua, mguu ukaburutika, nikataka ardhi ipasuke. Nikageuka nyuma nione nani anacheka. Mwanangu, mstari mzima ulikuwa unaburuta. Wazee, wake zao, bwana arusi mwenyewe na suruali yake mpya. Hakuna aliyewaambia. Waliburuta ili nisiwe peke yangu. Toka siku ile hawajaacha." Akakohoa. "Basi. Ongea na huyu, kisu chake kinanitisha."

Kisu kilinyamaza. Shno alikuja kwenye simu.

"Nakata vitunguu," alisema, "kwa hiyo usije ukadhani nalia."

"Shno."

"Nilikwambia usimame kama mti."

"Nilisimama."

"Ulisimama, halafu ukacheza. Nimekasirika. Nitakasirika mwaka mzima, mtoto atazaliwa amenuna. Labda hutakuwepo, na hilo silisamehi, nakwambia mapema." Kisu kikagonga ubao mara moja. "Lakini ukisema maneno ya yule bwana, kwa mdomo ule ule unaonisemesha mimi, sitajua tena nimemkasirikia nani. Unanielewa?"

"Wakimchukua mzee?"

"Unadhani siogopi? Naogopa mpaka maziwa yanauma. Fanya upesi, basi. Kungoja ndiko kunakoniua."

Akakata simu. Sauti ya kisu ikabaki masikioni mwa Rebin.

Rebin aliketi kitandani. Chini, barabarani, muuza barafu alikuwa akipita na toroli lake akiimba bei. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na mikono ya Rebin ilikuwa baridi kuliko jana, baridi kuliko siku yoyote ya mlimani. Hofu haikuondoka. Ilikaa naye kitandani, ikamwegemea bega. Aliuona mlango wa nyumbani, ule wa bluu uliobanduka rangi chini kwa sababu ya theluji, aliuona wazi hata msumari wake, akajua kwamba huenda hataushika tena.

"Tuache?" Hawraz aliuliza kwa sauti ya chini.

"Shika simu."

"Shati langu limekupwaya. Unafanana na kengele."

Rebin alilivua. Akaitwaa jezi yenye jua kifuani, akaivaa, mgongoni bado imeandikwa jina lisilo lake. Barakoa aliisukuma pembeni ya meza, ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota. Akaketi, pua yake ndefu katikati ya mwanga, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele.

Hawraz alihesabu mpaka tatu. 

"Mimi ni Rebin, mwana wa Shaswar, wa Kanisard," alisema Rebin. "Hakuna aliyenidanganya. Goli nililifunga mimi, na fainali nitacheza, uso wazi. Ile ngoma ni ya baba yangu na ya kijiji chetu, na nilivyoicheza niliicheza vibaya, kesho nitaicheza vizuri zaidi. Mmeniambia niombe radhi. Siombi."